Sema ni Lengalenga la Epifania

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi njema. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko shambani, na najua wengi mko shambani maana mvua za kwanza zimeshaanza, egemeza jembe kidogo unisikilize. Mimi ni Firdausi, niko studio hapa Kasulu, na leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kagerankanda. Jina lake Epifania Niyonsaba. Narudia: Epifania Niyonsaba, wa Kagerankanda. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Tulimzika Jumatano.

Wengine mnamfahamu kwa mboga zake. Wengine mnamfahamu kwa sauti, kwa sababu siku moja, miaka mitatu iliyopita, sauti yake ilitoka kwenye redio hii hii, ikasema maneno ambayo muuza mboga hategemewi kuyasema hata akiota. Na wapo mnaomfahamu kwa jina baya alilobandikwa sokoni baada ya siku hiyo. Jina hilo sitalitaja hapa. Mliolitumia mnajijua.

Sikuja kumpamba marehemu. Mama Epifania alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na ukikanyaga tuta lake utaambiwa habari zako mpaka za utotoni. Lakini nilikuwepo siku ile. Nilikuwa kwenye kiti hiki. Kwa hiyo nitawasimulia mimi, na pale ambapo sikuwepo nitawapa maneno ya mwanawe, Pasikali, na ya shangazi yangu, Bi Mwanaheri, mnayemjua kwa duka lake la vitenge pale mjini.

Tuanze mwanzo. Epifania alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili alivuka mpaka na mama yake, yeye akiwa mtoto wa miaka kama sita, wakaingilia upande wa Nyabibuye. Hawakwenda kambini. Walipokewa kijijini na watu, wakapewa kipande cha ardhi kando ya migomba, wakaambiwa limeni. Walime nini? Hawakuwa hata na punje ya mbegu.

Mama mmoja Muha, jirani yao, akawaletea mbegu za lengalenga na za isogi. Lengalenga ndilo mnaloliita mchicha wengine, na isogi ndiyo mgagani. Mama yake Epifania akapiga magoti kushukuru. Yule jirani akamwinua. Akamwambia, kwetu mbegu haishukuriwi. Mimi nitarudi kukuuliza kitu kimoja tu: zimeota?

Na kweli akarudi. Akasimama nje ya kibanda akauliza, "Zimeota?"

Wasikilizaji wapendwa, hazikuwa zimeota. Mvua ilikuwa nyingi, tuta lilikuwa chini mno, mbegu zilioza zote. Lakini mama mgeni, mkimbizi, ataanzaje kumwambia mwenyeji kwamba ameiozesha zawadi yake? Akaona aibu. Akajibu kwa lugha yao, "Ego," yaani ndiyo, "zimeota." Jirani akafurahi, akaenda zake. Msimu mzima familia ile ikala majani ya porini. Ukweli ulipojulikana, yule jirani alikasirika sana. Akamwambia, "Ungesema zimeoza ningekupa nyingine siku ile ile. Kikapu kilikuwa kimejaa."

Epifania alikuwa na miaka sita na alikuwa na njaa. Hakusahau. Pasikali anasema alikua akisikia kisa hicho kila msimu wa kupanda, mpaka akawa anamalizia yeye sentensi. Nyumbani kwao sheria ilikuwa moja. Ukiulizwa kama zimeota, unasema kilichoko ardhini.

Akaolewa Kagerankanda. Mume alifariki mapema, akaacha nyumba, migomba na mtoto mmoja wa kiume, ndiye Pasikali. Nyuma ya nyumba Epifania akaanzisha bustani, na bustani ile haikupumzika. Mvua za Oktoba zikianza, unakuta lengalenga na isogi na majani ya maboga. Masika yakizidi, anainua matuta juu mpaka magotini ili maji yapite. Mvua zikikatika mwezi wa tano, anashuka bondeni kwenye kijito na kabichi na vitunguu. Na kiangazi, Julai na Agosti, wakati huku kwetu ardhi ni vumbi jekundu na mbuzi wanaachiwa wanakula kila kilicho kijani, yeye alikuwa na matuta madogo nyuma ya jiko, yamefunikwa majani makavu ya mgomba, anayanywesha maji waliyoogea. Wajukuu walikatazwa kuoga mbali na karai. Mtoto akioga kijitoni alisemwa kama ameiba.

Dawa za dukani alizikataa. Vidukari wakiingia kwenye mboga, yeye anatwaa majivu ya jikoni, anachekecha, anayanyunyiza juu ya majani jioni. Asubuhi anachuma, mnunuzi anasuuza kwa maji, basi. Majivu hayana madhara. Maharagwe ya mbegu nayo aliyahifadhi ndani ya pipa, yamechanganywa na majivu, ili fukusi wasiyatoboe. Wasikilizaji wangu wa Kibondo, wa Kakonko, wa Buhigwe, sina haja ya kuwaeleza. Mapipa hayo mnayo ndani sasa hivi.

Shikeni hapo kwenye pipa. Shikeni hapo kwenye majivu.

Mwaka mmoja fukusi waliingia. Majivu hayakutosha, au yalipata unyevu, sijui. Walipofungua pipa wakati wa kupanda, maharagwe yote yalikuwa matundu matupu. Pasikali aliniambia juzi msibani, "Mama alikaa chini pale pale stoo akalia. Sijawahi kumwona analia kwa ajili ya shamba. Nikasema moyoni, hili halitajirudia."

Mwaka uliofuata, Januari, maharagwe mapya yalipokauka, Pasikali akanunua dawa ya unga. Unga wa kijivu. Akauchanganya na majivu ndani ya pipa mwenyewe, mama akiwa bondeni. Hakumwambia. Alijua atakataa. Na kwa kuwa kupanda maharagwe ilikuwa kazi yake Pasikali, mama asingelifungua pipa. Fukusi hawakuingia. Mwezi wa tatu Pasikali akapanda maharagwe yote, salama. Chini ya pipa yakabaki majivu. Yalikuwa mengi, mazuri, laini, yameshachekechwa.

Nani nyumbani kwetu anatupa majivu?

Ilikuwa Ramadhani. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Shangazi yangu, Bi Mwanaheri, ana desturi ya kupika futari kwa watu wengi: wapangaji wake, wajane wa mtaani, wasafiri waliokwama stendi. Mboga alichukua kwa Mama Epifania miaka yote, na mafungu yaliyozidi shangazi aliyapeleka kwa kina mama wa sokoni wamuuzie mwenzao. Mwezi ule mboga zilihitajika nyingi. Epifania akaongeza matuta. Mvua zikasimama kidogo, vidukari wakaja, na majivu ya jikoni yakaisha.

Akakumbuka pipa.

Jioni akanyunyiza. Asubuhi na mapema akachuma, akafunga mafungu kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili mawili kama alivyofunga siku zote. Wenzake walikuwa wanatumia mipira. Yeye kamba ya mgomba, mafundo mawili. Kijana wa bodaboda anayeitwa Dadi akapakia magunia, akaondoka kwenda Kasulu.

Jua lilipopanda, Epifania akafagia uwanja, akawatupia kuku majani mabovu aliyoyachambua. Haikuchukua muda. Kuku mmoja akaanza kuzunguka, mabawa yameshuka, mate yanamtoka mdomoni. Akaanguka.

Akamwita mwanawe. "Pasikali, huyu kuku ana nini?"

Pasikali akamtazama kuku. Akayatazama majani. Akatazama mlango wa stoo. Anasema alielewa pale pale. Na unajua alijibu nini?

"Labda ni kideri, mama."

Kideri, wasikilizaji wapendwa. Mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, anasingizia ugonjwa wa kuku. Nilipomuuliza kwa nini, hakujitetea. "Niliogopa, dada Firdausi. Nilisema nitalifikiria kwanza. Na wakati nafikiria, Dadi alikuwa anakaribia mjini."

Akaanguka kuku wa pili. Akaanguka jogoo. Epifania akaacha ufagio. Akaingia stoo, akainamisha kichwa ndani ya pipa, akanusa. Akatoka. Pasikali anasema uso wa mama yake ulikuwa mtulivu kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mwana wanje," akamwambia, yaani mwanangu, "nakuuliza kama anayetoa mbegu. Kilichoko ardhini ni nini?"

Pasikali akasema. Akasema yote.

Hakumpiga. Hakumlaani. Alimwambia, "Leta pakiti yake," akachukua khanga yake, akaanza kupiga simu. Simu ya Dadi haipatikani. Akapiga ya shangazi yangu. Haipatikani. Shangazi mwezi wa Ramadhani mchana huzima simu, anasema wateja wanamtia maneno mdomoni akiwa amefunga. Epifania alipiga tena. Alipiga tena. Kisha wakatoka barabarani, yeye na mwanawe, wakasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, wakapanda wote wawili.

Njiani tope. Mnaijua ile njia wakati wa masika, hata mvua ikisimama siku chache tope halisimami. Pikipiki ikazama, wakashuka, wakasukuma. Ikazima, wakangoja. Epifania akaanza kutembea kwa miguu huku Pasikali na dereva wanahangaika nayo, wakamkuta mbele kabisa amevua viatu. Pasikali anasema aliongea mara moja tu, aliuliza, "Jua limefika wapi?" Alikuwa anahesabu muda wa futari. Mkristo yule, siku ile, aliijua magharibi kuliko mimi niliyefunga.

Walifika kwa Bi Mwanaheri alasiri imeshapita. Nawaletea maneno ya shangazi mwenyewe. "Niko jikoni, sufuria mbili kubwa ziko mekoni, lengalenga na karanga. Naona Mama Pasikali anaingia bila hodi, hana viatu, tope mpaka kiunoni. Mtu ambaye hodi yake huwa unaisikia toka barabarani. Akasema, 'Bi Mwanaheri, mwaga.' Nikasema, 'Nini?' Akasema, 'Nimekuletea sumu. Mwaga.'"

Shangazi hakuuliza mara ya pili. Akamwaga yote kwenye shimo la taka na akafukia. Futari ya watu wote wale, mezani hakuna kitu, na yeye amefunga. Halafu akashika kichwa.

"Mama Pasikali," akasema, "nusu ya mzigo nimeipeleka sokoni toka asubuhi."

Wakakimbia sokoni. Kwa mama aliyekuwa anauza, mafungu yalikuwa yameisha. Yameisha yote. Nani amenunua? Ataanzaje kukumbuka? Walimu, wanachuo, mafundi, kina mama wa mtaa huu na mtaa ule. Jua linashuka. Mji mzima umefunga, na katika nyumba ambazo hakuna aliyezijua, lengalenga la Epifania liko mekoni.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Ilikuwa shangazi, hata salamu hakutoa. "Firdausi, uko hewani?" Nikamwambia naingia hewani sasa hivi na kaswida za kusubiri magharibi. Akasema, "Acha kaswida. Ongea na huyu."

Nikaongea naye pembeni kwanza. Nikaelewa. Kazi ni kazi. Nikamwambia, mama, nitatangaza mimi. Nitasema lengalenga lililouzwa leo sokoni lina dawa, watu wasile. Jina lako hakuna haja ya kulitaja. Nilimwonea huruma. Mjane, mtu wa mboga, mtu ambaye wapo waliokuwa bado wanamwita mkimbizi hata baada ya kupata uraia. Nilijua mji huu utamfanya nini.

Akanijibu, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa: "Mwanangu, ukisema lengalenga la sokoni, kila mtu atasema si hili langu, hili la kwangu ni zuri. Atakula. Na kesho kina mama wote watakosa wateja kwa kosa langu. Sema ni lengalenga la Epifania."

Nikasema, mama, fikiria kidogo.

"Nimeshafikiria toka Kagerankanda. Niweke hewani niseme mwenyewe."

Nikamweka. Nikakata kaswida katikati, na wasikilizaji wangu wa siku ile mnakumbuka kimya kile. Kisha sauti yake. Tuliihifadhi, lakini familia imeniomba nisiipige leo, kwa hiyo nawasomea nilivyoandika: "Ninaitwa Epifania Niyonsaba, wa Kagerankanda. Lengalenga nililoleta leo lina sumu. Ni langu. Limefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili. Lina vumbi la kijivu, msidhani ni majivu. Msile. Msiwape mbuzi, msiwape kuku. Chimba shimo, fukia. Kama umeshakula, nenda hospitali sasa, usisubiri kuumwa. Ninaitwa Epifania Niyonsaba. Ni mimi."

Nikarudia. Akarudia. Tukarudia tena mpaka adhana. Msikiti wa karibu na soko nao wakalitangaza kwenye kipaza sauti kabla ya kuadhini, na mji mzima wa Kasulu ukalisikia jina la mama huyu kutoka kila upande.

Simu zikaanza kuingia studio. Mimi nimefukia. Mimi nilikuwa nageuza ugali, nimemwaga. Mwingine anatukana. Mwingine anataka kujua atarudishiwa nini. Halafu ikaingia moja, ya mwanamke, anahema. "Mimi sikufunga. Tulikula mchana, mimi na mwanangu. Mwanangu anatapika, macho hayaoni vizuri. Nilidhani ni malaria."

Huyo ni Mama Vestina. Mume wake ni fundi ujenzi, wanakaa jirani na soko. Vestina, binti yake, alikuwa na miaka saba. Nikamwambia akimbie hospitali. Epifania alikuwa bado kwenye laini, amesikia kila kitu. Nikasikia anamwambia mwanawe, "Pasikali, pakiti. Kimbia." Pasikali akakimbia na ile pakiti ya dawa, akafika hospitali kabla ya mgonjwa, wauguzi wakajua ni nini wanapambana nacho. Mama akapata nafuu kesho yake. Mtoto alichukua siku kadhaa. Siku ngumu. Epifania alikaa kwenye benchi nje ya wodi siku zote hizo, na Mama Vestina alipita mbele yake kwenda na kurudi bila kumtazama. Sitamlaumu Mama Vestina. Nami ni mzazi.

Vestina alipona. Narudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: Vestina alipona, na hakuna aliyekufa.

Lakini kitu kingine kilikufa. Epifania alirudi Kagerankanda, akang'oa bustani yote aliyoinyunyizia, akafukia. Bwana shamba alimshauri aache matuta yale msimu mmoja, yeye akayaacha miwili. Akalima upande mwingine, mbali. Akarudi sokoni na mafungu mapya. Akakaa. Watu wakapita. Wengine walivuka upande wa pili wa njia kabisa. Akarudi siku nyingine, akakaa, mboga zikanyauka mbele yake, akazibeba akaenda nazo nyumbani. Masika yakaisha. Bondeni akavuna kabichi, watoto wakazila mpaka wakazichukia, kwa sababu hakukuwa na mnunuzi.

Ni wakati huo Pasikali alipomwomba. "Mama, funga kwa mipira kama wenzako. Au nimpe Dadi azipeleke kwa mama mwingine aziuze. Nani atajua ni zako?"

Alimjibu akiwa anapasua kamba ya mgomba. "Mimi ndiye niliyewaambia waangalie mafundo mawili. Leo nikifungua fundo, ile siku nilisema nini?"

Akafunga mafundo mawili. Akaenda sokoni. Hakuuza.

Kiangazi kikapita hivyo. Mvua zikapita hivyo. Ramadhani nyingine ikakaribia. Siku ya kwanza ya mfungo, shangazi yangu alifunga duka asubuhi, akavaa baibui yake mpya, akaenda sokoni katikati kabisa, mahali penye watu wengi kuliko pote. Shangazi ana sauti, mliowahi kupunguziwa bei dukani kwake mnaijua. Akapaza: "Mama Pasikali! Zimeota?"

Epifania alikuwa amemfundisha ile desturi zamani. Alisimama, akajibu, "Za lengalenga zimeota. Za isogi zimeliwa na mbuzi. Matuta ya zamani bado nimeyaacha."

"Basi nipe za futari," shangazi akasema. "Zote."

Watu walikuwa wanatazama. Kesho yake akanunua mwanamke mmoja. Siku nyingine wawili. Haikurudi yote, sitawadanganya. Wapo ambao mpaka wiki iliyopita walikuwa hawagusi mboga yenye fundo la mgomba. Mama Vestina hakununua tena hata mara moja. Epifania hakumuuliza kamwe kwa nini.

Mara ya mwisho nilimwona mwezi uliopita. Alikuja hapa studio, amechoka, anakohoa, na pakiti ndogo ya karatasi. Mbegu za lengalenga. Akaniambia, "Nyuma ya jengo lenu hapa pana mahali pazuri panaota magugu bure. Panda." Nikasema, asante mama. Akanikata jicho. Nikakumbuka, nikafunga mdomo. Akacheka akakohoa, akaenda kupanda gari.

Msibani tulikuwa wengi. Na msiba wa huku kwetu unataka mboga, nyingi, maana watu wanakula hapo hapo mpaka mazishi yaishe. Pasikali hakununua mboga popote. Alichuma za mama yake, matuta yote yaliyokuwa tayari, akazileta kwa wapishi zikiwa zimefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili. Niliona watu wakitazamana. Nikaona sahani zinapita. Kuna mwanamke alisimama kando ya jiko muda mrefu, na binti wa miaka kama kumi amemshika mkono. Nilimtambua. Wapishi walimwekea ugali na maharagwe, bila mboga, kwa kumstahi. Akairudisha sahani.

"Niwekeeni lengalenga," Mama Vestina akasema. Akala. Akamlisha na mwanawe.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Pasikali, mkewe na watoto, kwa majirani wote wa Kagerankanda, na kwa kina mama wa soko la Kasulu: poleni sana. Mungu ampokee na ampumzishe mahali pema. Pasikali, wewe uliniruhusu nitaje kosa lako hewani kwa jina lako, na nimelitaja. Mama yako asingekusifu, lakini angekusikia. Na ninyi mnaonisikiliza mkiwa majumbani, msimu huu wa kupanda, kabla hamjafanya lolote, nendeni stoo mkanuse mapipa yenu. Halafu mwulizane ndani ya nyumba kuna nini humo, na atakayeulizwa aseme.

Nina deni moja la kujibu kabla sijazima kipaza sauti hiki. Mama Epifania, uliniachia mbegu na hukurudi kuniuliza. Najua ungeuliza. Nimepita nyuma ya jengo leo kabla ya kuingia studio. Mstari wa ukutani umeoza, nilimwaga maji mengi mno. Mstari wa katikati kuku wa jirani wameuparua. Wa mwisho, ule wa kwenye jua, zimeota.